Saa za Mwanafunzi

Siku hizo ukitaja uuguzi mbele ya hadhara, watu walitegemea kusikia habari za huruma, upole na wito. Mwaka 1896 Mary Adelaide Nutting, mkuu wa shule ya uuguzi ya hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, aliwaletea wakuu wenzake tarakimu. Alikuwa amehesabu saa. Wasichana wanaosomea uuguzi Marekani wanafanya kazi saa ngapi kwa siku? Katika shule nyingi, jibu lilikuwa zaidi ya saa 10, na masomo yakaja baada ya hapo, usiku, kwa aliyebakiwa na macho ya kukodoa.

Historia ya shahada ya uuguzi husimuliwa mara nyingi kama ugomvi wa kichwa na mikono. Anayetandika vitanda na kupima joto, anahitaji kweli kukaa chuo kikuu miaka minne? Ugomvi huo ulikuwepo, na huku kwetu lugha yenyewe inauchochea, kwa sababu kuuguza ni neno la nyumbani: mama anauguza, shangazi anauguza, jirani, ukikosa mtu, huja kukusaidia kuuguza. Sasa iweje kazi ya shangazi idai digrii? Lakini chini ya ugomvi huo kulikuwa na mwingine, mkavu zaidi na wenye harufu ya fedha, nao ndio Nutting aliufungulia daftari: saa za mwanafunzi ni mali ya nani?

Florence Nightingale, muuguzi Mwingereza, alikuwa na jibu lake, au nusu ya jibu. Alipofungua shule yake katika hospitali ya St Thomas' jijini London, Julai 1860, fedha hazikuwa za hospitali. Zilitoka kwenye mfuko uliochangwa na umma baada ya vita vya Crimea, zaidi ya pauni 40,000. Waliingia wanafunzi 15 kwa mafunzo ya mwaka mmoja, na mfuko ukabeba gharama zao. Wazo lilikuwa zuri: anayelipia mafunzo asiwe yuleyule anayevuna jasho la anayefunzwa. Ila wanafunzi hao tangu siku za mwanzo walishinda wadini, na wadi haikosi kazi. Mkono ukionekana umetulia, hupewa ndoo.

Wazo hilo lilipovuka bahari kwenda Marekani, mfuko uliachwa bandarini. Mwaka 1873 zilifunguliwa shule tatu kwa mfano wa Nightingale, huko New York, New Haven na Boston. Kufikia 1900 zilikuwa zimepita 400. Nchi haikuwa imepatwa ghafla na mapenzi ya elimu. Wakuu wa hospitali walikuwa wamegundua hesabu tamu kuliko zote: ukiwa na shule, huhitaji kuajiri. Msichana anapewa chumba, chakula, sare na posho ya kununulia viatu. Yeye anakupa miaka miwili au mitatu ya kazi. Akishahitimu unampa cheti na mkono wa kwaheri, akatafute riziki kwa kuuguza wagonjwa majumbani mwao, na kitanda chake cha bwenini kinalaliwa na mwingine mpya. Hospitali nyingine zilikwenda mbali zaidi, zikawa zinamkodisha mwanafunzi kwa familia yenye uwezo, akauguze nyumbani kwao wiki kadhaa, na ujira ukaingia kwenye sanduku la hospitali.

Tumtazame huyo mwanafunzi kwa karibu. Saa moja asubuhi yuko wadini. Anatandika, anasugua sakafu, anamwaga vyombo vya haja na kuviosha, anakunja bandeji, anagawa uji, anageuza wagonjwa wasioweza kujigeuza. Mwezi wa kwanza kila kimoja kati ya hivyo ni somo. Jinsi ya kumgeuza mgonjwa mzito bila kumuumiza ni elimu, na asiyeijua ataona vidonda vya mgongoni. Lakini mwezi wa 14 bado anakunja bandeji zilezile. Jioni, miguu imevimba, anakwenda kumsikiliza daktari aliyejitolea kufundisha habari za mzunguko wa damu. Na daktari akiitwa kwa mgonjwa, somo limekufa; hakuna anayelifidia.

Nutting aliyajua haya kwa mwili wake. Alizaliwa Quebec, Kanada, mwaka 1858, akawahi kufundisha muziki, na alipoingia katika darasa la kwanza la Johns Hopkins mwaka 1889 alikuwa anakaribia miaka 31. Mkuu wa shule alikuwa Isabel Hampton, Mkanada mwenzake. Mwaka 1894 Hampton aliolewa na daktari aitwaye Robb, na kwa desturi ya wakati ule ndoa ikamaanisha kuacha kazi. Nutting akarithi kiti.

Alichokifanya juu ya kiti hicho ndicho kinachonifanya nimheshimu. Aliwaomba wadhamini wa hospitali mambo matatu kwa mpigo: mafunzo yawe ya miaka mitatu, siku ya kazi iwe ya saa 8, na posho ya wanafunzi ifutwe. Hilo la tatu msomaji anaweza kulishangaa. Anawatetea wanafunzi kwa kuwanyang'anya hela? Ndiyo, na alijua anachofanya. Anayepokea posho ni kibarua, na kibarua humuulizi kama amejifunza kitu leo. Mwanafunzi asiye na posho, wanaomtumia watalazimika kujieleza kwa nini yuko wadini mwezi wa 14 na bandeji mkononi. Wadhamini walikubali. Mwaka 1901 akaongeza miezi sita ya maandalizi kabla mwanafunzi hajakabidhiwa wadi, ajue kwanza mwili wa binadamu, dawa na mapishi ya wagonjwa.

Wakati huohuo Hampton, sasa Bi Robb, ambaye ndoa ilimtoa hospitalini lakini haikumtoa kwenye mapambano, alikuwa anabisha hodi chuo kikuu. Hakupita mlango wa kitivo cha tiba, maana huko asingefunguliwa. Alipita mlango wa walimu. Teachers College ya New York, chuo cha ualimu kilichofungamana na Chuo Kikuu cha Columbia, kilikubali mwaka 1899 kuanzisha kozi kwa ajili ya wauguzi watakaokuwa wakuu wa shule na hospitali. Walioanza walikuwa wachache mno. Mwaka 1907 Nutting alihamia hapo akawa profesa, muuguzi wa kwanza duniani kushika cheo hicho. Hivyo muuguzi alikaribishwa chuo kikuu ajifunze kufundisha na kusimamia kabla chuo kikuu hakijakubali kwamba uuguzi wenyewe unafundishika humo.

Waliojaribu hilo la pili walikuwa Chuo Kikuu cha Minnesota, mwaka 1909. Aliyelipigania ni daktari, Richard Olding Beard, profesa wa fiziolojia. Shule yake ikawa sehemu ya chuo kikuu, na wanafunzi wakapokelewa kwa sifa za kujiunga kama wenzao. Vitabu vingi hutaja hapo kama mwanzo wa uuguzi wa chuo kikuu, na sina ugomvi navyo, ila ukichungulia ndani utakuta waliomaliza walipewa stashahada, na katikati ya masomo yao walifanya kazi wadini saa 56 kwa wiki. Jina la chuo kikuu lilikuwa mlangoni, saa zikabaki za hospitali.

Pwani ya pili ya nchi, sheria iliingilia kati kwa namna ya ajabu. California ilikuwa imeweka kikomo cha saa 8 kwa wanawake wafanyakazi, na mwaka 1913 ikawaingiza wanafunzi wa uuguzi katika kikomo hicho huku ikiwaacha nje wauguzi waliokwisha hitimu. Hospitali moja ikaenda mahakamani. Iweje anayejifunza alindwe, na aliyehitimu, anayesimama wadi ileile, asilindwe? Mwaka 1915 Mahakama Kuu ya Marekani ikaiacha sheria isimame. Mwanafunzi wa California akawa na haki kubwa ya kulala kuliko mwalimu wake.

Miongoni mwa waliojenga hoja za kisheria za namna hiyo alikuwa Josephine Goldmark. Huyu hakuwa muuguzi. Alikuwa mtafiti wa uchovu, hivyo hasa, na mwaka 1912 alichapisha kitabu kizima kuhusu uchovu na ufanisi kazini. Mwaka 1908 alikusanya ushahidi ambao shemeji yake, wakili Louis Brandeis, aliutumia kutetea kikomo cha saa 10 kwa wanawake wa Oregon, katika kesi iliyoanzia kwa mwajiri mmoja wa dobi. Basi vita vya kwanza vya dunia vilipokwisha, na homa ya mafua ya 1918 ilipokuwa imeonyesha nchi nzima maana ya kukosa wauguzi, Rockefeller Foundation ilikubali kugharimia uchunguzi wa elimu ya uuguzi. Kamati iliongozwa na Profesa Winslow wa Chuo Kikuu cha Yale, na aliyetumwa kwenda kuchungulia shule ni Goldmark, mtaalamu wa uchovu. Sijui kama walimchagua kwa sababu hiyo, lakini wasingepata mtu mwenye jicho kali zaidi.

Goldmark na wenzake walizichambua kwa kina shule 23, na taarifa ikatoka mwaka 1923, kitabu kinene cha kurasa zaidi ya 500. Ilisema kile ambacho kila mwanafunzi alikijua na hakuna mkubwa aliyetaka kukiandika: kwamba saa nyingi za mafunzo zilikuwa saa za kazi za ndani, za kubeba trei na kufuta vumbi, za kurudia mambo yaliyokwisha kueleweka, na kwamba hospitali na shule zinapogombania mwanafunzi mmoja, hospitali ndiyo hushinda kwa sababu mgonjwa hawezi kusubiri. Pendekezo likafuata: ziwepo shule za vyuo vikuu zenye bajeti yake, na zimtazame mwanafunzi kama mwanafunzi.

Madaktari wengi walichukia. Hofu ya muuguzi aliyesoma kupita kiasi ilizungumzwa mikutanoni kana kwamba ni ugonjwa wa kuambukiza. Lakini mwaka huohuo wa 1923, kwa fedha za Rockefeller, Yale ilifungua shule ya uuguzi yenye mkuu wake na bajeti yake, sawa na vitivo vingine. Mkuu alikuwa Annie Goodrich, aliyewahi kuongoza shule ya uuguzi ya jeshi wakati wa vita, na akawa mwanamke wa kwanza kuwa mkuu wa kitivo Yale. Hapo mwanafunzi alikwenda wadini kwa mujibu wa mpango wa masomo, akakaa na wagonjwa wa aina aliyohitaji kuijua, na akishaijua alihamishwa. Kufikia 1934 Yale haikupokea tena mtu asiye na shahada nyingine mkononi. Mwaka huohuo wa 1923 huko Cleveland, Western Reserve nayo ilianza shule kama hiyo kwa zawadi ya Frances Payne Bolton.

Shule mbili tatu hazibadilishi nchi. Kilichoyumbisha mfumo wa zamani kilikuwa njaa. Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 uliwafanya watu wengi washindwe kumlipa muuguzi wa nyumbani, na wahitimu kwa maelfu wakarudi kwenye milango ya hospitali wakiomba kazi kwa ujira mdogo. Hospitali nyingi ndogo zikapiga hesabu upya, zikaona kwamba mhitimu mwenye njaa ni rahisi kuliko shule, zikafunga shule. Hoja za Nutting zilihubiriwa miaka 40. Tumbo likamaliza kazi kwa miaka michache.

Na milango iliyofunguka haikufunguka kwa wote. Wamarekani weusi walifungiwa shule nyingi kwa miongo, hivyo walisomea zile walizojengewa au walizojijengea wenyewe. Estelle Massey Osborne alipopata shahada ya uzamili Teachers College mwaka 1931, alikuwa muuguzi mweusi wa kwanza Marekani kufika hapo. Miaka mitano baadaye chuo cha weusi cha Florida A&M, mjini Tallahassee, kilianza programu ya shahada ya kwanza ya uuguzi.

Kanada walikuwa na njia yao. Chuo Kikuu cha British Columbia, Vancouver, kilianzisha shahada ya uuguzi mwaka 1919 chini ya Ethel Johns, ya kwanza katika dola yote ya Uingereza, na wa kwanza watatu wakahitimu 1923. Mpango wake ulikuwa kama mkate uliopakwa siagi katikati: mwanzo chuo kikuu, katikati hospitali, mwisho chuo kikuu. Tatizo lilikuwa katikati. Mwanafunzi akishavuka kwenda hospitali, profesa hakuwa na sauti juu ya saa zake. Katika Chuo Kikuu cha Toronto, mkuu wa uuguzi Kathleen Russell alifanya kazi ya miaka mingi kuhakikisha chuo kikuu kinashika masomo yote, ya darasani na ya wadini, na mwaka 1942 mpango huo ukawa wa shahada.

Uingereza ilichelewa sana, na mtu anaweza kusema ilikuwa inalindwa na sifa zake yenyewe. Nchi ya Nightingale iliona haina la kujifunza. Chuo Kikuu cha Edinburgh ndicho kilichothubutu. Mwaka 1956, tena kwa fedha za Rockefeller, kilifungua kitengo cha masomo ya uuguzi chini ya Elsie Stephenson, aliyekuwa amehudumu na Msalaba Mwekundu katika vita vya pili. Shahada yenyewe ilianza 1960. England nzima ilingoja hadi 2013 ndipo kila anayeanza uuguzi akatakiwa kusomea shahada.

Afrika haikungoja Uingereza imalize kusitasita. Alexandria nchini Misri ilikuwa na taasisi ya juu ya uuguzi ndani ya chuo kikuu mwaka 1955, mwaka mmoja kabla ya Edinburgh. Ibadan nchini Nigeria ikafuata 1965, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani. Afrika Mashariki tulikuwa na mizizi mingine: hospitali za misheni na za serikali ya kikoloni zilizofundisha wauguzi wake hapohapo kitandani. Huko Mengo, Uganda, Katharine Cook, muuguzi na mke wa daktari Albert Cook, alikuwa anafundisha wakunga tangu mwishoni mwa miaka ya 1910. Muhimbili ya Dar es Salaam, iliyokuwa Princess Margaret Hospital kabla ya jina kubadilishwa, ililea vizazi vya wauguzi kwa cheti na stashahada. Aliyetaka zaidi ya hapo alipanda meli au ndege. Shahada ya uuguzi ilifika Muhimbili mwishoni mwa miaka ya 1980, Nairobi na Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000 Chuo Kikuu cha Aga Khan kikaja na mpango wake Kenya, Uganda na Tanzania, uliolenga wauguzi waliokwisha ajiriwa wenye stashahada, wasome bila kuacha kazi. Ulikuwa mpango wa busara, kwa kuwa nchi isingeweza kuwatoa wauguzi wake wadini miaka kadhaa kwa mkupuo. Ila mtu aliyefuatilia habari ya Baltimore hawezi kuacha kutabasamu kidogo. Mama wa watoto watatu anatoka zamu ya usiku, anaoga, anapanda daladala kwenda darasani, na mhadhara wa takwimu unamkuta na macho ya kukodoa. Safari hii amejichagulia mwenyewe, na akimaliza atapanda kutoka Afisa Muuguzi Msaidizi kuwa Afisa Muuguzi, kwa mshahara unaoonekana. Bado saa ni zilezile 24.

Kwa Tanzania, wanaoingia kwenye shahada moja kwa moja kutoka kidato cha sita wana miaka minne, kisha mwaka wa utarajali kabla ya leseni. Niliwaona kwa karibu nilipokuwa nikimuuguza mama mdogo katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Walikuwa wawili, mwaka wa tatu, kila mmoja na kitabu chake cha kumbukumbu za vitendo, chenye mistari ya kujazwa na kusainiwa: umefanya nini, mara ngapi, nani ameshuhudia. Mmoja alikuwa anangoja kuweka mpira wa mkojo kwa mgonjwa wa kitanda cha jirani. Alikuwa ameusoma usiku, akaniambia, hatua zote. Sista wa zamu alikuwa peke yake na wagonjwa zaidi ya 30.

"Mwanafunzi! Hebu wahisha hizi sampuli maabara."

Akaenda. Aliporudi alitumwa duka la dawa, kisha tena maabara kufuata majibu ya mwingine. Mara ya tatu aliporudi akakuta mpira umeshawekwa na mfuko unaning'inia. Sista alimtazama, akafungua mikono kama mtu anayesema ningefanyaje, mgonjwa alikuwa anaumia. Sikumlaumu, na yule binti hakumlaumu pia. Alifungua kitabu chake, akautazama mstari mtupu, akakifunga, akakitia mfukoni mwa koti.

Alikuwa amebana saa kifuani kwa pini, kichwa chini miguu juu, kama wafanyavyo wauguzi, ili anayeivaa aisome akiinamisha macho tu. Aliinamisha macho akaisoma. Kisha akamfuata mwenzake upande wa pili wa wadi, kwa bibi aliyehitaji kugeuzwa.